Hodi ya Manowari

Eti manowari. Shakuru aliikuta imelala ubavu mchangani, nyuma ya ukuta wa bandari, mzinga umeshang'olewa na kuku wanataga kwenye chumba cha nahodha, akacheka kwa dharau. Miaka yote ya vita chombo hiki kilitisha wavuvi wa ndagala tu, wale dagaa wa ziwani. Sasa jeshi limekistaafisha, na yeye, fundi wa mtaa wa Buyenzi, amekinunua akikate atengeneze majiko ya makaa. Hata hiyo ni heshima kubwa mno.

Jua lilikuwa linazama. Mitungi ya gesi ya kukatia chuma ingekuja kesho. Jioni hii alikuja kugonga tu. Mkata vyuma hawashi moto kabla ya kugonga ubavu mzima kwa nyundo na kusikiliza. Panapolia wazi ni patupu. Panapolia bubu pana mafuta yaliyobaki, na mafuta hayo yakishika moto, unazikwa.

Ko. Ko. Ko.

Patupu. Akasogea nyuma, kwenye harufu ya tope na samaki waliooza.

Ko.

Ndani, kitu kikajibu.

Mbili za haraka... kisha kiganja kikaburuzwa taratibu juu ya chuma.

Hodi hiyo aliijua. Ilikuwa ya mdogo wake, Idi, aliyekimbia mapigano kwa mtumbwi kwenda Uvira, ng'ambo ya ziwa, asionekane tena. Mpaka leo mama yao hafungi komeo, eti Idi atarudi, na kila jioni Shakuru humcheka kwa ujinga huo.

"Na we umesikia," ikanong'ona sauti nyuma yake. Alikuwa Léonce, mlinzi, zamani baharia wa chombo hichohicho.

"Kuko mutu ndani?"

"Apana. Mutumbwi ulizama pembeni yetu, wakati wa vita. Watu walishika chuma, wakagonga, wakagonga... Chef, mukubwa wetu, alisema ni waasi. Hatukuwapandisha."

"Na we ulifanya nini?"

"Nilisikiliza."

Shakuru akatema mate. Waoga wenye mizinga! Akawahi nyumbani kabla ya saa ya kutotoka nje, akamsimulia mama yake yote. Mama hakulia. Alipakua sahani ya tatu.

Ndipo mlango ukagongwa.

Mbili za haraka... kisha kiganja.

Maji yakapenya chini ya mlango, yakinuka tope na samaki. Shakuru aliruka, akafunga komeo.

"Mama, usifungue. Ule si Idi."

"Umejuaje?"

Kiganja kikaburuzwa tena, chini zaidi, kama cha mtu anayezama.

Mama alimtazama toka kichwani hadi miguuni, kwa dharau ambayo hakuwahi kumwonyesha mtu.

"Wale walikuwa na meli na bunduki, wakaogopa mutoto wangu," alisema polepole. "Na we pia?"

Shakuru hakuachia komeo. Alisimama pale, miguu ndani ya maji, akisikiliza, mpaka hodi ikakoma.