Shuka la Shangazi Rosalia

"Shangazi, shika shuka lako. Sitalitandika."

Xaveria aliliweka juu ya mkeka uani kwa Shangazi Rosalia, pale Maisaka. Theodory, mchumba wake, aliyekuwa akimsaidia shangazi yake kufunga magunia ya maharage, akasimama wima.

"Kuna nini tena? Kesho tangazo letu la tatu kanisani, Jumamosi harusi!"

Shuka lile jeupe alikabidhiwa jana. Kwa ukoo wa kina Theodory, asubuhi baada ya harusi shangazi hulichukua akawaonyeshe ndugu damu ya bibi harusi. Rafiki yake Kindness akamletea kipande cha shabu. "Tumia hii, utabana, damu itatoka, hakuna atakayejua." Xaveria alikitupa chooni.

"Theo, mimi si bikira."

Theodory alicheka, kisha kicheko kikamkauka.

"Acha utani."

"Nilikuwa na mtu nikiwa chuo, kabla sijakujua."

"Muda wote huu unaninyima, eti tusubiri ndoa! Kumbe mwenzangu alishakula?"

"Yule aliniumiza, nikaapa sirudii mpaka ndoa. Ukaanza kunisifia kwa ndugu zako kwamba mimi bikira, nami nikanyamaza. Hapo nilikukosea. Nisamehe."

"Nitaficha wapi uso wangu? Nampigia katekista sasa hivi. Hilo tangazo lisisomwe!"

Akatoa simu. Xaveria alimpenda huyu mwanaume mpaka basi, na sasa alikuwa anamwona akiondoka.

"Kabla hujapiga, nijibu. Wewe ni bikira?"

"Mimi ni mwanaume."

"Sijakuuliza jinsia, Theo."

Theodory alishabonyeza namba, na sauti ya katekista ikasikika: "Haloo? Haloo, Theodory?"

"Kata hiyo simu," Shangazi Rosalia alisema.

"Lakini Shangazi, si umesikia mwenyewe..."

"Nimesema kata!"

Akakata. Rosalia alilikunjua shuka taratibu.

"Hili ni la harusi yangu. Haya, nionyesheni doa liko wapi."

Wote wawili walikodoa macho. Lilikuwa jeupe pe.

"Kwa hiyo na wewe, Shangazi..." Theodory alianza.

"Sikuwahi kuguswa na mwanaume, Mungu ni shahidi. Damu haikutoka tu. Asubuhi wakwe wakanirudisha nalo kwa baba yangu kama mwizi. Nimekuja kuambiwa na nesi, nimeshazeeka, kwamba wapo wengi hawatoki damu na ni mabikira kabisa. Mume wangu alishaoa mwingine zamani."

Xaveria alikuwa analia.

"Sasa kwa nini ukaniletea mimi?"

"Nilitaka lipate doa, mwanangu. Nilidhani nikiliona, moyo wangu utatulia. Ni ujinga wangu."

Theodory aliketi juu ya gunia. Alichezea kamba yake mpaka Xaveria akaona ndiyo basi tena.

"Kuna Scola wa Nakwa," alisema hatimaye. "Na hakuwa peke yake."

"Scola nilimjua. Nilikuwa nasubiri uniambie mwenyewe."

"Ulijua na bado ukakubali posa?"

"Nilikubali. Ila Jumatatu twende hospitali tukapime, wote wawili. Na kuanzia leo hatufichani."

Simu ikaita. Ni katekista. Theodory aliitazama, akamtazama Xaveria, akapokea.

"Shikamoo, Katekista... Hapana, nilikuwa nataka kuhakikisha tu. Tangazo letu la kesho, tafadhali, lisome kwa sauti."

Xaveria alimrukia shingoni. Alimpiga ngumi moja ya kifua kwa hasira iliyobaki, kisha akamkumbatia.

"Na ndugu zako wakiuliza shuka?" alinong'ona.

Shangazi Rosalia aliwasikia. Akalitandaza shuka kwenye vumbi jekundu la ua, akamwaga maharage juu yake yapate jua.

"Waambieni shangazi analo," alisema. "Anaanikia maharage."