Aliyecheza Gofu na Eusebio Jua la Utosini

Nyayo ndizo zilizomshtua Wendell kwanza. Wendell ndiye mzee wa dirisha la tiketi pale Palo Seco, uwanja wa gofu wa umma upande wa kusini wa mji wa jangwani wa Tucson, na kila jioni huzunguka na reki kusawazisha mitego ya mchanga, yale madimbwi makavu yaliyotegwa kunasa mipira. Alhamisi ile aliyecheza mchana alikuwa mtu mmoja tu, Eusebio Arvizu. Lakini kwenye mchanga wa shimo la kumi na nne kulikuwa na nyayo za watu wawili, zimefuatana kama za mtu na mkewe. Zile za pili zilikuwa ndogo, za miguu mitupu. Na mchanga wa mwezi wa Juni, pale, unakaanga yai.

Akampigia simu binti wa Eusebio.

"Yesenia, mwanangu, baba yako anacheza na nani siku hizi?"

"Hachezi na mtu. Mama si tumemzika Februari? Wewe mwenyewe ulikuja."

"Nilikuja," Wendell akasema. "Basi njoo kesho saa saba mchana, ujionee. Mimi jambo hili siwezi kulisema kwenye simu."

Eusebio alikuwa fundi wa mabasi ya jiji kabla ya kustaafu. Yeye na mkewe Ofelia walicheza Palo Seco miaka ishirini na miwili, na kila mara walicheza baada ya saa sita, maana jua likifika utosini wenye akili zao hurudi nyumbani, na bei hushuka mpaka mtu wa pensheni anaimudu. Nusu ya nyasi za pale ni kahawia, sungura wamechimba kila mahali, na mashimo ya mwisho yamepakana na korongo kavu. Kwao ndiyo ilikuwa raha ya dunia. Walibishana mashimo yote kumi na nane, wakarudi nyumbani kula burito, chapati zilizofungwa maharage ndani, wakaendelea kubishana.

Ofelia alianguka jikoni asubuhi moja. Mshipa ulipasuka kichwani, na gari la wagonjwa lilipofika alikuwa ameshakwenda. Miezi mitatu Eusebio hakugusa fimbo. Mei akaanza tena kutoka, na Yesenia, anayeendesha basi la shule na alikuwa karibu kuingia likizo, alimshukuru Mungu kwamba baba yake ameinuka kitandani.

Siku ya pili baada ya simu ile Wendell alimpakia Yesenia kwenye kigari chake. Joto lilikuwa limepita nyuzi mia na kumi kwa kipimo cha huko, arobaini na tatu kwa chetu. Uwanja ulikuwa mtupu, ndege hawalii, na hewa ilikuwa ikichezacheza juu ya ardhi.

"Unasikia harufu?" Wendell akanong'ona.

Aliisikia. Ilikuwa harufu ya mvua, ile inayotoka kwenye vichaka vya jangwani vikiloa, ambayo kila mtoto wa Tucson anaijua kama harufu ya shati la mama yake. Na angani hakukuwa na wingu hata la ukubwa wa unyoya.

Kisha akasikia kicheko, na kicheko kile cha kukoroma puani kilikuwa cha mama yake, ambacho mama yake alikuwa akikionea haya hata kanisani. Na kigari kilipopanda kilima kidogo cha shimo la kumi na nne alimwona baba yake amesimama karibu na bendera, midomo imepasuka, shati linampwaya kama limetundikwa kwenye msumari, na kando yake mwanamke wa kofia ya majani, miguu mitupu, amesimama tuli, wala joto lililokuwa likitikisa kila kitu pale, bendera na miti na baba yake mwenyewe, halikumtikisa yeye hata kidogo. Na yule mwanamke akainama, akaupiga mpira, mpira ukaviringika mpaka shimoni, baba akapiga makofi, akafungua chupa yake ya maji akamnyooshea, na maji yakapungua ndani ya chupa, funda kwa funda, mpaka yakaisha, na Eusebio hakuonja hata tone.

"Baba!"

Mwanamke akageuka. Kiligeuka kichwa tu. Mabega yalibaki yalipokuwa. Uso ulikuwa wa Ofelia, lakini kama uliochorwa na mtu aliyesimuliwa tu.

Wendell aligeuza kigari bila kuuliza.

Jioni, Yesenia alimkuta baba yake mezani, sahani ya chakula mbele yake haijaguswa.

"Baba, yule si Mama."

"Kula, mwanangu. Chakula kinapoa."

"Mama alikuwa wa mkono wa kushoto! Zile fimbo zake ulimtafutia mji mzima. Yule anapiga kwa kulia, Baba. Nimemwona."

Eusebio alivunja kipande cha mkate, akakiweka chini.

"Unadhani mimi sikuona?" alisema polepole. "Niliona siku ile ya kwanza."

"Sasa mbona...?"

"Kwa sababu anacheka kama yeye. Basi. Mimi nilikuwa nimekaa chumba kile miezi mitatu, Yesenia, hakuna anayecheka."

"Anakunywa maji yako. Atakuua."

"Najua."

Hapo ndipo binti alipolia. "Mwaka huu nimeshazika mmoja. Usinifanye nizike wa pili."

Eusebio akashusha kichwa. "Haya. Mwite unayetaka kumwita."

Bi Refugio, mganga wa mitishamba, alikuja na kikapu chake na rozari. Alimpitishia Eusebio yai mwilini, kutoka kichwani hadi nyayoni, akalivunja kwenye glasi ya maji. Kilichomwagika kilikuwa mchanga.

"Huyu si mkeo," akamwambia. "Wafu wana shughuli zao, hawachezi gofu. Hiki ni kitu cha korongoni. Hakina sura, huazima ya mtu anayeliliwa. Mimi siwezi kukifukuza. Wewe ulikikaribisha, wewe ndiye utakayekiambia ukweli usoni."

Lakini jikoni alimshika Yesenia mkono, akasema kwa sauti ya chini, "Kikiondoka hakitavua. Kitakwenda na vazi lake. Sura ya mama yako, sauti, jina, vyote kimevitoa kichwani mwa baba yako na vyote kitavichukua. Ukimwambia, hatakubali. Nawe ndiye binti. Amua."

Yesenia aliosha ile glasi, akaiosha tena. Aliporudi sebuleni hakusema neno.

Kesho yake saa saba mchana walikuwa kwenye shimo la kumi na nne, Bi Refugio akifukiza majani yake, Yesenia akimshika baba yake kiwiko. Harufu ya mvua ikaja. Kile kitu kikapanda kutoka korongoni, kofia kichwani, kinatabasamu.

"Chebo," kikasema, kwa jina ambalo Ofelia peke yake alimwita. "Chebo, nina kiu."

Eusebio akashika kifuniko cha chupa yake.

"Sema, Baba," Yesenia akanong'ona. "Sema, nakuomba."

"Nimetembea njia ndefu, Chebo, peke yangu, na huko nilikotoka ni kukavu na hakuna anayenibishia, na wewe umesimama na chupa mkononi unanitazama kama hunijui, mimi, mama wa mwanao, nipe maji, nipe funda moja tu, nipe—"

"Wewe si Ofelia," Eusebio alisema, na machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kidevuni. "Ofelia wangu amekufa. Nenda."

Kile kitu kiliacha kutabasamu. Upepo ukavuma mara moja, wa moto, ukabeba mchanga na moshi hadi korongoni. Kisha kukawa na bendera tu, na jua.

Eusebio aliinua chupa, akanywa maji yote bila kupumua.

"Tulikuja kufanya nini huku?" akauliza.

Julai mvua zilishuka. Eusebio alinenepa, akalala vizuri, akacheza na Wendell asubuhi. Neno "mke" likitajwa aliduwaa kidogo, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata, kisha akaendelea na mambo mengine. Jumapili moja Yesenia alimkuta amesimama sebuleni mbele ya picha ya ukutani, mikono nyuma.

"Ana uso mzuri, mama huyu," akasema. "Ni nani?"

Neno "mkeo" Yesenia alilimeza. "Anaitwa Ofelia. Alikuwa akicheza Palo Seco. Amefariki."

"Masikini. Ana mume?"

"Anaye. Yuko hai."

"Walipendana?"

"Miaka arobaini na mmoja, Baba."

Eusebio alitikisa kichwa kwa huruma, akaivuta ncha ya fremu ikae sawa.

"Mungu amsaidie mtu yule," akasema. "Sijui hata analalaje."