Chupa Moja, Si Mbili

Bartholomayo alikuwa mkulima wa kijiji cha ujamaa huko Mugoma. Alikuwa na nguvu nyingi. Katika shamba la kijiji, yeye ndiye aliyewatangulia wenzake kwa jembe.

Wakati wa vita vya Kagera, gari la hospitali lilikuja kijijini. Wauguzi waliomba watu wachangie damu kwa ajili ya majeruhi. Bartholomayo alikuja moja kwa moja kutoka shambani, akajitokeza wa kwanza.

"Umekula, ndugu?" aliuliza muuguzi, Bi Kuluthumu.

"Nimeshiba," alijibu. Hakuwa amekula kitu tangu jana yake, lakini hakutaka kurudishwa mbele ya watu.

Alitoa damu vizuri. Bi Kuluthumu akamwambia abaki amelala kidogo, kisha anywe chai. Bartholomayo hakusikia. Aliruka kutoka kitandani ili watu waone nguvu zake. Macho yakaingia giza, akaanguka. Watu wakacheka.

Aibu ilimchoma. Jioni alimwambia mkewe, Marsiana, "Walinikamua chupa mbili! Hata ng'ombe dume angeanguka."

Ilikuwa chupa moja tu. Lakini Marsiana aliwasimulia wenzake kisimani, na habari ikafika mpaka sokoni Bugarama. Gari la hospitali liliporudi, hakujitokeza mtu.

Miezi ikapita. Vita vikaisha. Siku moja wanaume wakiwa shambani, jirani yao Anastazi alifika kwa baiskeli, jasho likimtoka.

"Mke wangu Eufrazia amejifungua hospitali," alisema. "Mtoto ni mzima, lakini mama anatoka damu nyingi. Nimepimwa, damu yangu haipatani na yake. Nisaidieni, ndugu zangu."

Wanaume walitazamana.

"Tunakuhurumia," alisema Nkeshimana, mmoja wao. "Lakini yaliyompata Bartholomayo tuliyaona. Kama yeye alianguka, sisi tutapona?"

Bartholomayo aliinamisha kichwa. Anastazi hakumlaumu. Aligeuza baiskeli yake aondoke.

"Ngoja," alisema Bartholomayo. "Niliwadanganya. Ilikuwa chupa moja. Nilianguka kwa sababu nilikuwa na njaa, nikasema nimeshiba. Tena niliinuka kabla ya kuruhusiwa. Niliona aibu, nikawasingizia wauguzi."

Safari hii hakuna aliyecheka.

"Mimi nakwenda," alisema. "Nani atanifuata?"

Nkeshimana aliweka jembe chini. Wengine wawili wakafuata. Walipopita nyumbani, Marsiana aliusikia ukweli, naye akaona haya, akawapa ndizi na maharage. Walikula, wakanywa maji mengi, wakapanda lori la kijiji.

Hospitalini, Bi Kuluthumu alimkumbuka Bartholomayo mara moja.

"Dada, siku ile sikuwa nimekula," alisema Bartholomayo, akitazama sakafu.

"Ungeniambia, ningekupa uji kwanza," alijibu muuguzi. "Sasa sikilizeni. Nitawauliza kuhusu afya zenu. Mwenye homa au upungufu wa damu hatoi. Nitawachoma kidole na kupima tone la damu. Sindano ya mkononi inauma kidogo, kama mwiba. Ni safi, imechemshwa."

"Na damu inarudi?" aliuliza Nkeshimana.

"Inarudi. Tunachukua chini ya nusu lita. Maji yake hurudi kwa siku moja au mbili, na damu yote hukamilika baada ya wiki kadhaa. Mwanaume akae miezi mitatu ndipo atoe tena, mwanamke minne. Ukimaliza, pumzika na unywe. Leo usilime wala kubeba mzigo mzito. Ukisikia kizunguzungu, lala, uinue miguu."

Wote wanne walitoa. Damu ya Bartholomayo na ya Nkeshimana ilipatana na ya Eufrazia. Nyingine ilihifadhiwa kwa wagonjwa wengine. Bartholomayo alilala kitandani mpaka alipoambiwa ainuke.

Eufrazia alipona. Aliporudi kijijini, Bartholomayo alimwona njiani, akataka kupita pembeni.

"Shemeji, mbona unanikimbia?" aliita Eufrazia. Mtoto alikuwa mgongoni. "Anastazi ameniambia yote."

"Hata la chupa mbili?"

"Hata hilo."

"Nisamehe, shemeji."

"Nimekusamehe. Lakini nimepita Bugarama, bado wanalisimulia. Nako kuna wanawake wanaojifungua."

Siku ya soko, Bartholomayo alikula akashiba, akashika njia ya Bugarama. Alisimama katikati ya wauza ndizi, akavua kofia.

"Ndugu zangu," alianza, "mimi ndiye yule aliyeanguka."