Flash ya Mwalimu Koleta

Siku ya soko, stendi ya Same haina mwenyewe. Mabasi ya Dar yanapiga honi, bodaboda wanagombania abiria, na vumbi linaingia mpaka kwenye kikombe cha chai. Koleta alishuka kwenye gari la milimani akiwa amebanwa na magunia ya tangawizi. Kitenge chake cha kijani kilikuwa kimekunjamana, na kifuani kakumbatia kompyuta iliyofungwa kwenye khanga. Akaitua kwenye meza ya kwanza aliyoiona.

"Dada, hiyo ni meza yangu ya kazi."

"Nisamehe kaka. Mikono imekufa ganzi. Nipumzike kidogo tu."

Mwenye meza aliitwa Gidion, mtu wa Kileo, fundi wa kompyuta: mrefu, macho ya usingizi, shati la bluu lililopigwa pasi mbele tu, mgongoni likaachiwa Mungu. Alikuwa ameamka amechoka, kama kawaida yake. Lakini alipomwona yule dada akijipangusa jasho, akavuta kiti.

"Kaa basi. Na huyo mtoto uliyembeba anaumwa nini?"

"Ukaidi. Kila fundi akimpiga Windows, anagoma. Anasema hana diski, na diski naiona kwa macho yangu!"

Gidion akafungua, akachungulia, akacheka. "Diski ipo. Tatizo ni flash wanazopigia. Za zamani, haziijui mashine hii. Zinataka draiva, hivi viprogramu vinavyoitambulisha diski kwa Windows. Huko kwenu mtandao upo?"

"Mpaka upande kilimani, usimame juu ya jiwe, umwombe Mungu."

"Basi tutatia draiva na masasisho yote humu humu ndani ya flash. Ukifika juu ni kupiga tu."

Koleta alishusha pumzi. Alikuwa mwalimu wa sekondari ya kijijini kwao, na kompyuta za msaada ni yeye aliyeziomba. Wazazi wakajenga chumba cha kuziweka kwa msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo Mpare haikwepi hata akiwa na homa. Mama yake mwenyewe, Raheli, alibeba mawe kichwani. Sasa wafadhili walikuwa wamesema kompyuta zisipowaka kufikia mwisho wa mwezi, zinapelekwa shule nyingine huko tambarare.

Gidion hakuwa mtu wa haraka, na kwa kazi hii hakutaka kabisa kuwa wa haraka. Koleta akawa anashuka kila Jumamosi kuulizia flash. Taratibu maongezi ya flash yakageuka mapenzi, na katikati ya juma ni simu, yeye kasimama juu ya jiwe, upepo unampiga.

"Umekula, mpenzi?"

"Makande."

"Tena?"

"Wewe wa chipsi mayai kila siku ndiye wa kunicheka? Hebu nione tumbo lako!"

"Tumbo halionekani kwa simu, mama. Njoo ulione."

"Mchokozi wewe! Lala, sauti yako imechoka."

"Ikikusikia inapona."

Jumamosi moja Gidion akamkabidhi flash. Alikuwa ameijaribu kwenye ile mashine ya Koleta, ikapiga bila neno.

"Na ikikataa?" Koleta aliuliza.

"Ikikataa utashuka tena, nikuone. Mimi nitapata hasara gani?"

Koleta akamfinya mkono, wakacheka. Utani mwingine bwana, bora mtu angeumeza.

Ikakataa. Ile mashine aliyokuwa ameshuka nayo iliwaka, lakini ya pili ikasema hakuna diski. Ya tatu, hivyo hivyo. Wazazi walikuwa wamejaa mlangoni, mkuu wa shule, Mwalimu Eliezeri, kavaa suti yake ya Pasaka. Mama Raheli akapenya mpaka mbele.

"Mwanangu, yale mawe niliyabebea nini?"

Koleta alipanda kilimani akilia.

"Gidion, ile flash kweli uliijaribu?"

"Niliijaribu, mpenzi."

"Zimegoma."

Gidion alikuwa hajalala vizuri, na mbele yake kulikuwa na mteja anafoka. Akajibu bila kufikiri. "Aa, basi shuka Jumamosi. Nimeshakukumbuka hata hivyo."

"Kumbe ulifanya makusudi!"

"Koleta, natania..."

"Unatania na mawe ya mama yangu? Nimechoka, Gidion. Nimechoka kupanda na kushuka kama mpira wa mtu. Usinipigie tena!"

Akakata, akamblock. Na hapa niseme ukweli, wanaume wa namna hii wananichosha. Msichana analia, yeye anatafuta la kuchekesha. Lakini Gidion hakuwa na hila, ndiyo shida. Alikaa kwenye meza yake mpaka chai ikapoa, akijiuliza imekuwaje flash iikubali moja na kuzikataa zingine. Ghafla akajipiga kofi kwenye paji la uso. Hakuwahi kuuliza kama zote ni za aina moja!

Akafunga meza, akamwita Iddi wa bodaboda. Njia ilipanda kona baada ya kona, ukungu ukawapokea, na mtu wa Kileo aliyezoea joto akaanza kugonganisha meno.

Koleta alikuwa mlangoni mwa kile chumba, sweta jeusi, chaki vidoleni.

"Umefuata nini?"

"Mashine."

"Mashine tu?"

"Nianze na mashine. Nikianza na wewe utanifukuza."

Alifungua mbili tatu, akatikisa kichwa. "Hizi si ndugu na ile yako. Ulileta moja, nikadhani zote zimefanana. Sikuuliza. Kosa langu."

Koleta aliinama. "Na mimi sikusema. Niliziona zote nyeusi, nikajua ni sawa."

Draiva ilibidi ipakuliwe, kwa hiyo wakapanda kilimani, laptopu ya Gidion kwapani. Ikaanza kushuka taratibu, kwa kusuasua. Upepo ulivuma. Koleta alivumilia kumtazama akitetemeka, mwishowe akavua sweta akamtupia.

"Vaa, usije ukanifia. Kweli hukufanya makusudi?"

"Hila inataka mtu aliyelala vizuri, Koleta. Mimi nilichoka tu, nikaropoka. Na niliogopa. Kazi hii ikiisha, utashukia nini mjini? Nakupenda, nikawa naogopa kuimaliza."

"Mjinga wewe," alisema, machozi yakimtoka. "Ungesema hivyo hivyo."

"Ndiyo nasema sasa."

Koleta alisogea karibu akamkinga upepo mpaka ile draiva ikamalizika. Gidion akaitia kwenye flash mara mbili, kwenye sehemu inayoanzisha usakinishaji na kwenye Windows yenyewe inayobaki ndani ya mashine. Ukisahau moja, umefanya kazi bure.

Wakarudi chumbani, akaichomeka flash kwenye mashine iliyokuwa imegoma. Kioo kikawaka bluu, na safari hii diski ikaonekana. Mwalimu Eliezeri alipiga makofi peke yake, kisha akatoka mbio kupanda kilimani, awapigie wafadhili simu wasisumbuke kuja. Koleta akakaa chini, mgongo ukutani, uchovu wote wa mwezi ukimshukia kwa pamoja.

Mama Raheli aliingia na sufuria ya makande. Akamtazama yule mtu mrefu aliyejibana kwenye sweta la mwanawe, mikono ikiishia kwenye viwiko.

"Koleta, huyu ni nani?"

"Ni fun..." Koleta akaimeza iliyobaki.

Gidion aliweka bisibisi chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Naitwa Gidion, wa Kileo. Fundi ndiyo, ni mimi. Lakini ningeomba, mkiniruhusu, nimlete mshenga."

Mama Raheli aligeuka akamtazama binti yake. Koleta alifumba macho, kichwa kimeegemea ukuta.

"Mpakulie, mama," alisema. "Huyo ni wetu."