Ini la Nergis

Miezi saba baada ya kupandikizwa ini, Vahap alirudi shambani. Ini lenyewe alimegewa na binti yake, Nergis. Sasa alipanda tena ngazi, akachuma aprikoti, akamtania mkewe.

"Gülizar, wewe umezeeka. Mimi nina ini la msichana wa miaka ishirini na minne!"

"Basi liambie libebe ndoo," Gülizar alijibu, akicheka.

Tatizo lilikuwa usingizi. Gülizar akamchemshia maua ya manjano ya mlimani, yaitwayo kantaron. Mama yake aliyatumia miaka yote. Vahap akanywa kila jioni, akalala vizuri. Dawa za hospitali hakuziacha hata siku moja.

Wiki ya tatu, macho yake yakageuka manjano.

"Twende hospitali," Gülizar alisema.

"Uchovu tu huu. Tumalize mavuno kwanza."

Wakangoja siku nne. Siku ya tano, Vahap hakumtambua hata Nergis.

Hospitalini, muuguzi Feride aliuliza taratibu, "Mama, kuna kitu kingine alikuwa anakunywa?"

Gülizar akayataja maua. Feride akaketi karibu naye.

"Mwili unaliona ini la mtu mwingine kama adui, mama. Dawa zinauzuia usilishambulie. Maua hayo yanazipunguzia nguvu dawa. Alizimeza zote, lakini hazikutosha."

"Yaani nimemuua?"

"Ulitaka alale. Sisi ndio tulipaswa kukueleza mapema."

Ini lingine halikupatikana. Nergis hakuweza kutoa tena; mtu humegwa ini mara moja tu. Vahap alifariki Ijumaa.

Baadaye Nergis alipimwa. Ini lake lililomegwa lilikuwa limekua tena, limekaribia ukubwa wake wa zamani.

"La kazi gani?" alisema.

Hakumlaumu mama yake. Hilo ndilo lililomuumiza Gülizar zaidi.

Majira ya baridi, jirani yao Sabiha alikuja. Mumewe pia alikuwa amepandikizwa ini.

"Macho yake yana manjano kidogo. Jumatatu nitampeleka."

"Leo!" Gülizar alikuwa tayari anavaa viatu. "Na kila alichokunywa, hata chai, waambie madaktari. Usione haya."

Wakaenda naye. Madaktari wakawahi. Baada ya wiki mbili, Sabiha alileta sahani ya mikate ya moto.

"Umeniokolea mume, dada."

Gülizar alipokea, akashukuru, akafunga mlango. Akaketi sakafuni, akalia kwa sauti. Nergis akaja, akaketi kando yake.