Maziwa ya Kwanza ni ya Awuor

Apondi alikuwa akiparua magamba ya ngege sokoni Gikomba simu ilipolia. Alijifuta mkono kwenye aproni, akaishika simu kwa vidole viwili.

"Mathe!" Ilikuwa sauti ya Willis, mwanawe. Willis huunda milango ya chuma kule Kariobangi, na amezoea kupaza sauti kuishinda nyundo. "Mathe, uchungu umekolea! Tuko kituo cha afya. Mwelu amenishika mkono mpaka vidole vimekufa ganzi!"

"Vidole vyako si kitu! Mke wako anaendeleaje?"

"Sista anasema anaendelea vizuri, mtoto yu karibu kutoka. Njoo!"

"Nakuja!" Apondi alijibu kwa sauti iliyofanya safu nzima ya wauza samaki igeuke.

Huyu angekuwa mjukuu wake wa kwanza. Apondi aliizunguka meza yake, akasahau alichokuwa akitafuta, akaizunguka tena. Batulo, jirani yake anayeuza leso, alimvua aproni kama mtu anavyomvua mtoto shati.

"Mama Willis, nenda. Samaki nitawauza mimi."

"Wewe? Unajua nini kuhusu samaki?"

"Samaki siwajui. Wateja nawajua. Nenda!" Kisha Batulo akachomoa leso mpya na kumtupia begani. "Hiyo ni ya mtoto. Usinishukuru, utachelewa."

Apondi akavuta mkoba wake chini ya meza. Alikuwa ameutayarisha tangu juma lililopita. Ndani mlikuwa na mkebe wa glukosi, kijiko kidogo, na thamosi ya maji ya moto. Watoto wake wote aliwaonjesha maji matamu kabla ya kitu kingine. Mama yake alifanya hivyo, na nyanya yake pia. Kwao, mtoto alipokewa duniani kwa utamu.

Mwendesha boda boda alipojua kwamba abiria wake anakwenda kumpokea mjukuu, alipita matuta polepole, akamwombea baraka. Apondi alimwambia, "Na wewe upate wajukuu kumi!" Kijana akacheka, kwa maana hata mchumba hakuwa naye.

Walipofika, Willis alikuwa akiruka-ruka kwenye varanda.

"Ni msichana! Amezaliwa sasa hivi!"

"Amefanana na nani?"

"Sura ni ya Mwelu. Hasira ni yako, Mathe. Amelia mpaka madirisha yametikisika!"

Apondi aliingia wodini akitabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Mwelu alikuwa amelala huku ameinuliwa kidogo, jasho bado likiwa kwenye paji la uso. Mtoto alikuwa kifuani pake bila nguo, ngozi kwa ngozi, amefunikwa shuka mgongoni.

"Karibu, bibi," alisema muuguzi, Sista Marion. "Mtoto bado hatujamwogesha. Tunamwacha apate joto la mama yake. Mtazame, anatafuta titi mwenyewe."

Kweli, mtoto alikuwa akitikisa kichwa huku na huku, akilamba midomo. Mara mama mwingine akaita kutoka chumba cha pili. Alikuwa karibu kujifungua.

"Narudi," alisema Sista Marion. "Msaidie mtoto ashike titi."

Apondi aliinama. Tone moja lilikuwa limetokeza kwenye chuchu ya Mwelu. Lilikuwa zito, tena la manjano kama kiini cha yai. Apondi akarudi nyuma hatua moja. Maisha yake yote Apondi amejua vitu kwa rangi. Samaki akianza kugeuka manjano, hata paka wa Gikomba humpa kisogo.

"Ngoja!" alisema. "Usimpe hayo."

"Sista amesema anyonye mapema, Mama."

"Mwanangu, maziwa hayo yamelala. Yamekaa ndani siku zote ulizobeba mimba. Kitu kilicholala hakiuzwi kwa mtu mzima, sembuse kumpa mtoto! Tuyakamue yamwagike. Mazuri yatakuja. Kwa sasa nitamwonjesha maji matamu."

Mwelu alitazama mlango. Mama yake mzazi yuko mbali, Kitui. Apondi ndiye aliyempandishia maji ngazini miezi yote tumbo lilipokuwa kubwa. Ndiye aliyemletea ndimu alipokuwa akitapika. Angemkatalia vipi?

"Sawa, Mama."

Basi maziwa ya manjano yakaishia kwenye pamba. Apondi akakoroga glukosi, akaipoza, akampa mtoto kijiko kimoja, kisha cha pili, kisha vingine. Mtoto akachapa midomo. Apondi akamviringisha vizuri katika leso ya Batulo. Mtoto akalala.

"Umeona? Mpole kama malaika. Tutamwita Awuor, jina la mama yangu."

"Si Willis amesema ana hasira yako?" Mwelu aliuliza, wakacheka wote wawili.

Jua lilisogea dirishani. Mwelu alimleta Awuor kwenye titi. Awuor hakufungua kinywa. Baadaye akajaribu tena. Awuor alikuwa amelala tu. Apondi alimkuna nyayo, akampuliza shavuni, akamwita kwa jina. Midomo haikufunguka.

Machozi yakamlengalenga Mwelu. "Mama," alisema polepole, "hanitaki."

Neno hilo lilimchoma Apondi. Alimtazama tena mjukuu wake. Upole ule haukumpendeza tena. Mtoto aliyetikisa madirisha asubuhi amenyamaza kwa nini? Alitoka mbio, viatu vikipiga sakafu pa-pa-pa.

"Sista! Mjukuu wangu hanyonyi!"

Sista Marion alikuja mara moja. Akamgusa mtoto kifuani, akasikiliza pumzi zake, akatazama rangi ya midomo. "Anapumua vizuri, na ana joto. Mlimpa chochote?"

Apondi alitamani kutazama dirisha. Lakini alimtazama Sista. "Nilimpa maji ya glukosi. Na yale maziwa ya kwanza tuliyamwaga. Yalikuwa yameharibika."

Sista Marion hakufoka. Alivuta kigoda, akamketisha Apondi kwanza. "Umefanya vyema kuniambia, bibi. Ni nani aliyesema yameharibika?"

"Macho yangu! Mimi nauza samaki. Wa manjano ni wa kutupa."

Mama wa kitanda cha jirani alicheka mpaka akajishika tumbo. Sista Marion naye akacheka.

"Kwa samaki nakuamini. Siku nikija Gikomba utanichagulia wewe. Lakini maziwa haya hayalali. Rangi hiyo ndiyo nguvu yake. Kwa Kiswahili yanaitwa dang'a. Ni machache, ni mazito, na yana kinga ya magonjwa. Ni kama chanjo ya kwanza, na mama humpa mtoto yeye mwenyewe."

"Lakini ni matone tu. Yatamshibisha?"

"Tumbo la mtoto aliyezaliwa leo ni dogo kama zabibu. Matone yanamtosha. Vijiko vyako vimelijaza, ndiyo maana hana haja ya kunyonya. Na asiponyonya, titi halipati habari kwamba mtoto yupo."

"Habari gani hizo?"

"Niambie, bibi. Wateja wasipokuja sokoni, unaagiza samaki wengi?"

"Waoze? Siagizi!"

"Na wakinunua wakamaliza mapema?"

"Nampigia simu mtu wangu wa Kisumu aongeze mzigo!"

"Basi titi ni hivyohivyo. Mtoto akinyonya mara kwa mara, mchana na usiku, huwa anapiga simu. Asiponyonya, mzigo haufiki."

Apondi alijipiga paja. "Kumbe mteja ni mtoto!"

"Ndiye huyo."

"Na maji ya kawaida je? Nairobi nayo ikiwa na joto?"

"Hata tone. Maziwa ya mama yana maji ya kutosha. Hatumpi glukosi, hatumpi uji, hatumpi maziwa ya ng'ombe. Ni titi peke yake mpaka atimize miezi sita. Atapewa dawa tu kama mhudumu wa afya amemwandikia."

Mwelu aliuliza kwa sauti ndogo, "Sista, tumeshachelewa?"

"Saa ya kwanza ndiyo bora zaidi, kwa maana mtoto huwa macho na ana hamu. Lakini hatujachelewa. Tunaanza sasa hivi. Baba yuko wapi?"

Willis akaitwa. Alinawa mikono mpaka kwenye viwiko, akakaa nyuma ya mkewe ili amwegemee. Leso ikafunguliwa. Awuor akarudishwa kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi. Sista akamwonyesha Mwelu jinsi ya kukamua kwa mkono, taratibu. Tone la manjano likaanguka kwenye kijiko safi, na safari hii Apondi alilitazama kama dhahabu.

"Usimwage hilo!" alimwambia Willis.

"Mathe, mimi hata sijaligusa!"

Sista akaligusisha kwenye midomo ya Awuor. Haikufunguka. Likaja tone lingine. Wodi nzima ilikuwa ikitazama. Ulimi mdogo ukatoka, ukalamba, ukarudi ndani. Jicho moja likafunguka.

"Ameamka!" Apondi alinong'ona, lakini mnong'ono wake ulifika varandani.

"Sasa, Mwelu, usimsukume kichwa," alisema Sista. "Subiri afungue kinywa wazi, kama anayepiga miayo. Kisha mlete yeye kwenye titi. Usipeleke titi kwake. Kidevu kiguse titi. Asishike chuchu peke yake, achukue na sehemu nyeusi inayoizunguka."

Awuor alifungua kinywa, akashika. Mwelu akakunja uso. "Inauma!"

"Basi ameshika vibaya. Pitisha kidole safi pembeni mwa mdomo wake, mtoe polepole. Tuanze upya."

Wakaanza upya. Awuor akateleza. Wakaanza tena. Apondi alikuwa ameshika mkono wa yule mama wa kitanda cha jirani, na wala hakujua jina lake. Kisha kinywa kidogo kikafunguka wazi kabisa. Mwelu akamvuta mtoto kwake. Taya likasogea, likasogea tena, likatulia. Ikasikika sauti ndogo, nk!

"Amemeza!" alipiga kelele Apondi. "Amemeza jamani!"

Vigelegele vikapasuka kila kitanda. Willis alitaka kuruka, akakumbuka ameegemewa, akabaki akipunga mikono hewani kama kondakta. Mwelu alikuwa akilia na kucheka pamoja.

"Mama, ananitaka," alisema.

"Nani angekukataa wewe?" Apondi alimfuta machozi kwa ncha ya leso. Kisha akamgeukia muuguzi. "Sista, na mimi nifanye nini? Mikono yangu inaniwasha kwa kukaa bure."

"Wewe una kazi kubwa. Mtoto analishwa na mama yake. Mama yake atalishwa na nani?"

Tangu siku hiyo Apondi alikuwa na kazi. Waliporudi kwenye nyumba yao Kariobangi, alimpikia Mwelu uji wa wimbi, mboga za kienyeji, samaki wa mchuzi. Alifua. Willis alipotoka kazini alioga kwanza, kisha akambeba mtoto acheue ili mkewe apumzike. Kila Awuor alipotafuta-tafuta kwa mdomo, alipewa titi, bila kungoja alie.

Siku chache baadaye matiti ya Mwelu yalijaa, yakawa mazito. Maziwa yakawa meupe, yakidondoka yenyewe. Kamba ya nguo ilijaa nepi kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Mtoto huyu anakojoa kama ana kesi na mimi," Apondi alilalamika kwa furaha, kwa maana Sista alimwambia kwamba mtoto anayekojoa vizuri anapata maziwa ya kutosha. Walipompeleka kliniki baada ya wiki mbili, mizani ilionyesha kwamba amepita uzito aliozaliwa nao. Apondi aliomba apimwe tena, ili aone tu.

Jumamosi iliyofuata wanawake wa ploti, majirani wa nyumba ileile, walikuja kwa nyimbo, sufuria vichwani. Ni desturi yao kumpokea mtoto, na kila mmoja lazima ambebe, ambusu, amwombee, ampitishe kwa mwenzake. Mbele yao alikuwa Warigia, mwenye sauti kuliko wote.

"Mtoto yuko wapi? Mleteni tumbebe!"

Apondi alisimama mlangoni, mwiko mkononi. "Mtoto yuko kazini."

"Kazini?"

"Ananyonya. Akimaliza mtamwona. Kwa zamu, na kwa mikono iliyonawa. Akitaka titi tena, anarudishwa kwa mama yake."

"Haya makubwa!" alisema Warigia. "Mtoto ana saa za kazi na askari mlangoni! Hata bosi wa Willis hana mlinzi kama wewe. Sisi tukae tu kama viti?"

"Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji wetu leo ni Mwelu. Basi mponyeni! Warigia, ndoo zile pale, maji yamerudi bombani. Nepi ziko kwenye beseni. Uji unangoja wa kuukoroga."

Waliguna, wakacheka, wakakunja mikono ya nguo. Maji yakaletwa. Nepi zikafuliwa kwa wimbo. Kavata, msichana wa nyumba ya chini, alibaki karibu na mlango. Tumbo lake lilikuwa kubwa, na siku zake zimekaribia.

"Shosho," alimwuliza Apondi, akimwita kama nyanya yake, "yale ya manjano ya mwanzo, ni kweli hayamwagwi? Shangazi yangu anasema ni uchafu."

"Mwambie shangazi aje kwangu," alisema Apondi. "Mimi nilifikiri kama yeye, na mjukuu wangu akakosa kunyonya nusu siku. Hayo ndiyo ya kwanza kumpa, tena mapema, mara tu atakapozaliwa. Mwambie muuguzi akuwekee mtoto kifuani. Ukiogopa kumkatalia shangazi, niite. Nitasimama mlangoni pako pia."

Kavata akacheka, mkono juu ya tumbo.

Mara sauti ya Mwelu ikatoka ndani. "Mama! Amemaliza!"

Ndoo zikatuliwa. Nepi zikaachwa majini. Wanawake wote, Warigia akiwa wa kwanza, wakakimbilia sabuni.