Majikimya

Kimiminika kilipanda bomba la kioo chenyewe, bila pampu, kama sisimizi waliosikia sukari. Kwenye ncha ya juu ya bomba, fundi Mshana alikuwa ameweka kipande cha shaba kilichopashwa moto hadi kikawa chekundu. Kimiminika kikakizunguka, kikanywa joto lake, kikateremka kwa upande wa pili hadi kwenye ndoo ya maji baridi, na kabla mtu hajamaliza kufunga kamba za viatu, shaba ile ilishikika kwa mkono mtupu. Hakuna kilichovuma wala kulia.

"Majikimya," alisema Mshana akijifuta vidole. "Yanafuata joto yenyewe. Hayapitishi umeme, hayagandi, hayana kelele. Ila sikushauri uyachukue."

"Fundi, unanionyesha chakula halafu unaniambia nisile?"

"Mimi Mpare, dada Nyemo, na sisi tunasifika kwa kupenda pesa. Mpare akikuambia acha cha ghali chukua cha bei ndogo, ujue amekuhurumia kweli."

Nyemo alicheka, lakini miguu yake haikutulia. Alikuwa ameshazunguka duka lile mara nne tangu aingie, akiinua feni na kuzirudisha, akipima rejeta kwa viganja, akihangaika kama kuku anayetaka kutaga. Ilikuwa Ijumaa mchana, Dodoma, mwaka 2087, katika jiji ambalo roboti za usafi zilifagia vumbi mwaka mzima na vumbi halikuisha. Yeye alikuwa mhandisi wa joto kwenye kiwanda cha kukausha zabibu, mtu anayejua kuipeleka hewa ya moto inakotakiwa isiunguze kitu. Kumbe kompyuta moja ya michezo, aliyoiunda kwa mikono yake juu ya meza ya kulia chakula, ilikuwa imemshinda.

Kompyuta ile haikuwa ya kuchezea tu. Mdogo wake, Ndahani, alikuwa kwenye sayari ya Mirihi mwaka wa tatu sasa, fundi wa mitambo ya kuchimba, kwa mkataba wa miaka saba. Kila Jumamosi saa nane mchana ndugu hawa wawili walikutana kwenye mchezo wa mbio za pikipiki zenye kigari cha pembeni. Nyemo aliendesha. Ndahani alikaa kigarini, akilalia kulia au kushoto ili pikipiki isipinduke kwenye kona, kazi inayotaka watu wawili wafikiri kama mmoja. Walianza kuucheza shuleni, na ndio uliobaki kuwa udugu wao. Barua hawakuandikiana, maana hakuna aliyejua kuandika barua bila kuona haya.

Tatizo ni kwamba sauti kutoka Mirihi ilichukua dakika kumi na tisa kufika duniani, na jibu dakika nyingine kumi na tisa kurudi. Hakuna kona inayomsubiri mtu dakika thelathini na nane. Ndiyo maana watu wenye ndugu wa mbali walitumia kitabiri, programu iliyosoma miaka yote ya uchezaji wa mtu, sauti yake na utani wake, ikamkisia papo hapo wakati ishara zake za kweli ziko njiani. Ishara zilipofika, makisio mabovu yalifutwa, na mtu kwenye kioo alistuka kidogo, kama aliyeguswa bega, kisha akaendelea. Kazi hiyo ilikula umeme na kutema joto. Kompyuta ya Nyemo ilinguruma feni zote sita, na kila ilipofika dakika ya ishirini ilizimika, na Ndahani akapotea katikati ya kona.

Hicho ndicho kilichomuuma. Angevumilia kushindwa mbio. Hakuweza kuvumilia kumwona mdogo wake akikatika hivyo kila wiki, mdomo wazi, neno nusu.

"Nieleze tena," alimwambia Mshana.

Mshana alieleza bila haraka. Kulikuwa na feni kubwa zenye mapezi ya shaba, rahisi, hata mtoto angezifunga, lakini kwa mzigo ule zingepiga kelele kama mashine ya kusaga. Kulikuwa na mzunguko uliofungwa kiwandani, pampu ndogo na rejeta yake, unafunga skrubu nne umemaliza. Huo ndio aliompendekezea. Ungesukuma dakika zikafika hamsini, labda sitini, na pampu ingekuwa na mvumo wake wa kawaida. Kisha majikimya, ambayo unayatengenezea mabomba mwenyewe, unayaunganisha na tangi la maji ya kuoga nyumbani, na joto lote linakwenda huko.

"Huo wa pili unakutosha," alisema Mshana. "Mimi napenda kifaa kinachovuma. Kikielemewa unasikia. Majikimya hayatakuambia kitu."

"Ninachokimbia ndiyo hiyo kelele, fundi."

"Basi mteja ni mfalme," alisema Mshana, akaanza kumkatia mabomba.

Usiku wa kuamkia Jumamosi Nyemo alilala usingizi wa mang'amung'amu, akaamka alfajiri na kumaliza kuunganisha mabomba kabla ya chai. Mama yake, aliyekuwa akiishi naye tangu astaafu ualimu, alisimama mlangoni akishangaa jinsi bomba la kompyuta lilivyoingia bafuni.

"Kwa hiyo mimi nitaoga mchezo wenu?"

"Utaoga joto la Ndahani, Mama."

"Angekuja mwenyewe ningefurahi zaidi," alisema mama, lakini alitabasamu.

Saa nane Nyemo akawasha. Chumba kilibaki kimya hata akasikia saa ya ukutani. Ndahani akatokea kigarini na kofia yake ya njano, akamwita dereva mbovu, wakaondoka. Dakika ya ishirini ikapita, ya arobaini ikapita. Walicheza saa mbili nzima. Nyemo alipozima, mashavu yalimuuma kwa kucheka, na machozi yalimtoka bila aibu.

Wiki zikafuata na mambo yakanoga. Kompyuta sasa ilikuwa na nguvu ya ziada, nayo ikaitumia kulainisha picha, hata ule mstuko mdogo wa ishara zinapofika ukatoweka. Nyemo akaona ni maendeleo. Akakiachia kitabiri na salamu pia, kwa pande zote mbili, ili muda wote uende kwenye mbio. Salamu ndizo nyepesi kuliko vyote kukisia. Habari za kazi? Nzuri. Za afya? Nzuri. Mama hajambo? Hajambo. Kitabiri hakikukosea hata mara moja. Wakapanda kwenye orodha ya washindani wa dunia nzima, kutoka nafasi ya mia nne hadi ya tatu.

Lakini hakutulia. Hakujua kwa nini. Kazini alijikuta akipima mara mbili trei za zabibu alizokwisha kuzipima, na Ijumaa alikuwa mkali kwa watu bila sababu.

Jumamosi ya tisa, baada ya mbio, mama alitoka bafuni amejifunga kanga, mabega mekundu.

"Nyemo, nipunguzie maji yako. Mwezi huu yananichuna ngozi."

"Ni yale yale, Mama. Mchezo ule ule, saa zile zile."

"Mimi ndiye ninayeyaoga. Mwanzo yalikuwa ya vuguvugu. Sasa natia ndoo mbili za baridi." Alikaa, akajipepea. "Na Ndahani anasemaje?"

"Mzima. Anasema habari nzuri."

"Nzuri, halafu?"

"Nzuri tu."

Mama alimtazama kwa jicho lile alilokuwa akiwatazamia wanafunzi wasiofanya hesabu. "Tangu lini mtu akajibu nzuri akaishia hapo? Nzuri ni ya kufungulia mlango. Mtu anasema nzuri, ila mguu unaniuma. Nzuri, ila bosi kanisumbua. Miezi miwili mwanangu hana ila hata moja?"

Nyemo aliinuka. Alikwenda bafuni, akaweka kiganja kwenye bomba, akakiondoa haraka. Alisimama pale akifikiri kama anavyofikiri kiwandani, maana kazi yake yote imejengwa juu ya jambo moja, kwamba joto halizuki bure. Mashine ile ile, mchezo ule ule, joto zaidi. Basi mashine ilikuwa na kazi zaidi. Na kazi ya kitabiri hupungua ishara za kweli zinapofika. Zisipofika, kisio huzaa kisio, na mtu wa kubuni hulazimika kubuniwa upya kila nukta. Feni zingekuwepo zingepiga mayowe nyumba nzima ikasikia. Majikimya yalikuwa yamebeba mayowe yale kimya kimya na kuyamwaga kwenye maji ya mama yake.

Alirudi mezani. Waliokibuni kitabiri walikuwa wameficha orodha ya ishara nyuma ya kurasa nyingi, kwa sababu wateja hawakupenda kukumbushwa. Aliipata. Ishara ya mwisho kutoka Mirihi ilikuwa ya wiki ya tano. Jumamosi nne hakukuwa na mtu kigarini.

"Mama," alisema. "Ndahani hayupo."

"Hayupo vipi?"

Alimweleza. Mama hakupiga kelele. Alivuta kiti, akakaa karibu na kompyuta akiwa vilevile na kanga yake, akasema, "Zima hicho kinachomwigiza. Kisha muulize."

Nyemo alizima kitabiri. Kofia ya njano ikatoweka, kikabaki kigari kitupu kwenye barabara ya vumbi. Akasogeza kinasa sauti mdomoni. Alikuwa na maneno elfu, likatoka moja.

"Ndahani, uko wapi?"

Dakika thelathini na nane ni nyingi. Nyemo alisimama, akakaa, akafunga dirisha, akalifungua. Alikwenda jikoni akasahau alichofuata. Aliwaza migodi iliyoporomoka, hewa iliyoisha, simu ambayo kampuni ingepiga na labda iliwapigia wakati yeye yuko mbioni. Mama hakusogea. Midomo yake ilikuwa ikisali.

Sauti ilipokuja ilikuwa na mikwaruzo, na ya chini kuliko ile waliyoizoea. Wote wawili walijua papo hapo kwamba ni yeye.

"Nipo, dada. Nipo." Akavuta pumzi. "Mlango wa mtambo ulinibana mkono. Nimepoteza vidole viwili. Jumamosi ya kwanza nilikuwa hospitali ya kituo, nikasema, dada ataniuliza kwa nini sikuja. Hukuuliza. Ya pili nikajikokota hadi kwenye kompyuta nikuambie, nikakuta matokeo yametoka, tumeshinda. Nikaitazama ile mbio yote. Nilikuwa nimelalia kona vizuri kweli, nakuchekesha. Nikaona huna haja. Kila wiki nimekuwa nakaa hapa nakuangalia ukishinda na mtu mwenye vidole kumi."

Sauti ikaishia hapo.

Nyemo alijiinamia hadi paji la uso likagusa meza. Aliona aibu, ile ambayo mtu hawezi kumgawia mwingine hata kidogo. Kosa halikuwa la fundi, wala la waliokibuni kitabiri. Yeye ndiye aliyelipa ili asisikie. Alitaka kusema samahani, lakini neno hilo lingekwenda dakika kumi na tisa angani na kufika limepoa, naye hakuona lingemfaa nini mtu aliyekaa mwezi mzima akitazama nafasi yake ikikaliwa.

Mama ndiye aliyevuta kinasa sauti. Alikisogeza karibu mno, kama wafanyavyo watu wa umri wake, akasema taratibu:

"Pole, mwanangu. Mkono gani?"

Kisha akamgeukia Nyemo, akimngoja amsaidie kujibu, maana yeye ndiye aliyekuwa na mdogo wake kila Jumamosi. Nyemo akatikisa kichwa; hakujua. Wakaketi kusubiri.